Tundu la Uani

Kijiko kilikuwa cha kwanza kumtoroka.
Alikishika, akakigeuza, akakikodolea macho
kama mtu aliyekutana na jirani sokoni
na jina limemkwama kooni.
Ikafuata Jumatano. Zikafuata soksi.
Daktari wa Lewes akachora ubongo kwenye karatasi,
akapaka wino pale damu ilipoziba,
akasema: mengine hayatarudi, Averil.

Lakini asubuhi ya pili, mvua ikichapa dirisha la wodi,
Baba alinyooshea kidole viatu vya muuguzi
akatamka, waziwazi, bila kigugumizi: slabu.
Muuguzi alidhani ametukanwa.
Mimi nilicheka hadi machozi.
Slabu ni tope zito, linaloganda kisiginoni
na kukusindikiza hadi jikoni.
Si stochi, ardhi iliyovurugwa na kwato langoni.
Wala si gaba, tope jeusi la majani yaliyooza,
linalonuka kama siri ya ukoo.
Kwetu Sussex mvua ni ndefu na udongo ni mfinyanzi;
watu waliyapa matope majina
kwa sababu walishinda nayo kutwa.

Yale ya dukani na ya ofisini yamekwenda.
Yamebaki ya shambani, ya bibi yake,
yale ambayo mwalimu alimchapia rula
kila alipoyaingiza darasani.

Nikanunua daftari.
Akisema lia, halii.
Lia ni njaa, tumbo limegusana na mgongo,
nami nakimbilia supu.
Akisema dambldo, nyuki mnene yuko chumbani,
tumfungulie dirisha, asiuawe.
Siku moja alitazama mlango, akasema: shimu.
Shimu ni kumwona mtu nusu,
kwa pembe ya jicho, ameshapita.
Nilijua ni nani.
Mama alikuwa na mwaka wa tisa kaburini.
Hilo sikuliandika.
Niligeuka, nami nikatazama mlango.

Moja lilinishinda. Smyuzi.
Alilisema akila, alilisema usingizini,
akinishika mkono kwa ukali:
smyuzi, smyuzi,
kama mwenye nyumba anayeuliza mlango umefungwa na nani.
Mjomba Garnet hakulijua.
Bi. Pelling wa maktaba alishusha kamusi kuukuu,
akapuliza vumbi, akafuata kwa ukucha:
tundu chini ya ua wa miiba,
lililotobolewa na mnyama mdogo kwa kupitapita.

Miaka arobaini Baba alikata na kulaza nyua,
akikunja shina bila kulivunja,
na popote alipokuta tundu kama hilo
alilaza matawi kwa juu, akaliacha.
Wenye mashamba walimnung'unikia.

Februari, Jumapili, nikavaa buti zake,
kubwa mno kwangu, soksi mbilimbili,
nikaenda kwenye ua wake wa mwisho, nyuma ya kanisa.
Nilitambaa. Slabu hadi magotini.
Nililikuta nilipokata tamaa:
mviringo wa kutosha kichwa cha mtoto,
udongo umesuguliwa ukang'aa,
na kwenye mwiba, manyoya ya sungura, ya kijivu, machache.
Yalikuwa bado makavu.
Mvua ilikatika saa kumi na moja alfajiri.
Basi alipita baada ya hapo, huyo aliyepita.

Hakuna aliyelichimba.
Wakipumzika misimu miwili tu,
miiba inashikana mikono.

Nilimtilia Baba manyoya kiganjani.
Aliyanusa. Akatafuta mfuko wa kuyaweka,
pajama haina mfuko,
akayarudisha kwangu bila kusema kitu,
na mimi niliyekuja na kalamu nikangoja bure.
Yamo daftarini, yamebanwa kwa gundi.

Jana dukani msichana wa mkate,
pete puani, simu mkononi,
aliniuliza nje kukoje.
Nikamwambia: slabu tupu.
Aliinua macho.
Akasema, nini? Hebu sema tena.

Nikasema tena.