Fundo Upande wa Chanya

Hapa ni Mbagala Rangi Tatu
na umeme wa betri unataka rangi mbili tu:
nyekundu chanya, nyeusi hasi.
Hilo hata kinyozi analijua.

Nimefungua sanduku nyuma ya saluni ya Bi Sikudhani,
paneli juu ya bati, jua la saa nane juu ya paneli,
na ndani naona waya wa buluu,
wa pili buluu,
wa tatu buluu.
Nikamtukana kimoyomoyo aliyefunga.
Buluu! Buluu ni mtu anayenyamaza
ukimuuliza njia.

"Fanya haraka," Bi Sikudhani anachungulia,
"nina mteja kanyolewa nusu kichwa."

Nikatia mkono nizifuate nyaya kwa vidole,
kidole kikajikwaa.
Fundo.
Dogo, gumu, limekazwa kwa koleo,
shubiri moja toka kichwa cha betri.
Kwenye waya wa pili, hakuna.
Wa tatu, lipo tena.

Nikaketi juu ya ndoo.
Fundi Pazi.

Miaka minne nilimbebea mfuko wa spana
toka Kijichi hadi Kongowe
nisijue kwamba macho yake hayakupewa nyekundu.
Kwake pilipili na jani lake vilikuwa ndugu.
Taa za barabarani alizijua kwa mahali zilipokaa,
ya juu simama, ya chini nenda.
"Mwanne," alikuwa akisema, "nisomee waya."
Nami nikidhani ananifundisha.

Siku moja alinituma Gerezani,
nyekundu na nyeusi, mita kumi kumi.
Nyekundu imeisha. Mwenye duka akanifungia kahawia na kijivu:
"Ndio mtindo mpya huo. Kahawia chanya, kijivu hasi.
Ulaya wameshahama."
Nikaziweka mezani, nikaenda kununua mihogo.

Niliporudi, inveta ya zahanati ilikuwa imekohoa
mara moja,
na moshi wake ulinuka samaki aliyeungua.
Mwenye zahanati akanitazama mimi.
Pazi akasema, "Mimi. Nimekosea mimi."
Njiani, bila kugeuka, akaongeza:
"Kahawia na kijivu, mwanangu, kwangu ni mapacha,
na mama yao siye mimi."

Kumbe tangu siku ile alianza mafundo.
Sikuyaona; nilishakwenda Veta kusomea vyeti.

Mita ninayo. Nikapima hata hivyo,
maana kumheshimu mwalimu si kuacha kupima:
ncha nyekundu ya mita kwenye fundo,
nyeusi kwenye waya mtupu,
kumi na mbili nukta sita,
na mbele yake hakuna alama ya kutoa.
Fundo halikusema uongo.

Nikazungusha tepu nyekundu juu ya kila fundo,
nyeusi kwenye zisizo nalo.
Sikufungua hata moja.
Rangi ni makubaliano ya wenye macho,
na usiku, tochi ikiwa mdomoni na mate yanadondoka,
sote tuna macho ya Pazi.
Ndani ya mfuniko nikaandika kwa wino mzito:
FUNDO NI CHANYA.
Atakayekuja baada yangu
asitukane kabla ya kupapasa.

Fyuzi mpya. Swichi.
Mashine ikanguruma, nywele za nusu ya pili
zikaanza kuanguka.

"Yule mzee aliyenifungia mwanzo," akasema Bi Sikudhani
akihesabu noti, "aliniomba kikombe cha maji na chumvi.
Akachovya nyaya mbili, akainama, akatazama
upi unatoa povu jingi.
Akasema, 'Huyu ndiye hasi,' akaupiga fundo mwenzake."
Akanipa chenji iliyokunjwakunjwa.
"Mimi nilidhani anafukuza majini."