Kitako cha Mninga

Mihayo aliileta ndani ya gunia la tumbaku,
na kibali mfukoni, muhuri wa Sikonge haujakauka vizuri.
"Fundi Nyamizi, nichongee kitako kipya, kifupi.
Mimi mwenyewe unaniona nilivyo,
na vichaka vya Ipole havimpishi mwenye bunduki ndefu."

Nikalivuta komeo lake.
Halinyanyuliwi, halipindwi;
linakuja nyuma nyoofu kama jibu la mtoto,
linarudi, kak!
na karakana nzima ikanyamaza,
hata kuku.

Nikampima kwa kamba, kama fundi cherehani,
kiwiko hadi kidole.
Kisha nikapanda darini.

Ubao ule marehemu aliulaza huko miaka minane.
"Wa kitanda chetu," alisema, "acha ukauke."
Ukakauka. Akatangulia yeye.
Nilipopitisha randa, vumbi jekundu likanijaa kope,
nikasingizia vumbi.

Siku tatu msasa, siku moja mafuta,
nikitafuta mahali ambapo shavu la mtu
litatulia bila kuambiwa.

Jumamosi akarudi na paja la pongo.
"Risasi moja, Fundi. Ila nilikawia.
Niliegemeza shavu, nikasikia harufu ya nyumba ya watu,
pongo akala majani yake, akamaliza,
akaanza mengine."

Sikumjibu. Nilikoka moto.

Usiku nimekula nyama nimekaa mkekani,
nikihesabu mabaki ya ule mninga:
yanatosha miguu miwili.
Miwili tu.