Pingili

Mwezi wa kumi na mmoja mto ulichukua kipimo,
ule ubao wa namba uliopigiliwa nguzoni, darajani Sabaki,
ukachukua na mbuzi wawili wa Kitsao
na mlango wa choo cha shule.
Mimi ndiye msoma maji. Saa tatu asubuhi, saa kumi na moja jioni,
naandika daftarini, napiga simu ofisini Malindi.
Siku kumi na mbili sikuwa na cha kusoma.

Maji yaliposhuka, kwenye fungu la tope
pale mto unapoonja chumvi,
viboko wakinikazia macho kutoka ng'ambo kama wanaonidai,
nikaokota mwanzi.

Si wa huku. Huku hauoti mwanzi mnene hivi,
unene wa paja la mtoto wa kutambaa.
Nikaubeba begani hadi nyumbani.
Ngumbao akasema: kuni mbichi hizo, utatujazia moshi.
Nikauegemeza ukutani, nikausoma
kuanzia chini kwenda juu,
kama mtu anayefungua barua akatafuta kwanza sahihi.

Pingili ya kwanza: chumvi, na kaa mdogo aliyekufa.
Ya pili imekwanguliwa na changarawe, nadhani za Baricho.
Ya tatu ina tundu la jino; huko wanauita Galana,
na mto hauna haraka, unajinyoosha juani kama mamba wake.
Ya nne, ya tano: kamba ya nailoni, kipande cha pakiti ya maziwa,
harufu ya mji usiolala. Huko jina lake Athi.
Ya sita sikuielewa.
Ya saba ndiyo iliyonikalisha kitako:
ukoga wa kijani, laini kama kisogo cha mtoto,
na ndani ya ukoga, jani moja la kangaga
limejikunja ngumi.

Nikaenda kwa Mwalimu Njoki, anayefunza jiografia
na kuogelea hajui.
Akaunusa ule ukoga, akakaa kimya kidogo.
Kwetu, akasema, mto ni wa kuruka.
Mtu mzima hatua moja, mtoto mbili na kilio.
Miti imeufunika; jua linagusa maji saa sita tu,
linagusa, linaondoka, kama mgeni aliyeambiwa chakula hakijaiva.
Kila jiwe lina sauti yake.
Usiku, mama alijua mvua imenyesha juu msituni
pale jiwe fulani lilipozama, likanyamaza.

Unaitwaje? nikamuuliza.
Akacheka. Hatukuupa jina. Tulisema tu, naenda kule chini.

Nasi huku, mafuriko yakija, twasema: yatoka kule juu.

Nilipoukata ncha kwa panga, ndani mlikuwa na maji,
kikombe kizima. Nilitaraji yawe ya baridi.
Yalikuwa vuguvugu, kama maji yote ya Malindi.

Kesho yake nikaufunga nguzoni kwa waya, pale pa ubao.
Ofisini yupo kijana, Shebwana.
Leo pingili nne na ushei, nikamwambia.
Bi Mbeyu, fomu inataka sentimita.
Basi iulize fomu.

Aprili maji yalipanda hadi ya saba, palipokuwa na ukoga.
Bahari ikawa rangi ya chai ya maziwa mpaka mbele ya mahoteli,
wageni wakauliza nani ameichafua.
Mwalimu Njoki alikuja, viatu mkononi,
akachota tope ukingoni, akalinusa.
Hapana, akasema, si udongo wetu. Wetu mweusi.
Lakini alilifunga kwenye leso,
akaondoka nalo.