Shingo Upande

Ilianza na kipande cha mkate, Jumapili,
nyumbani kwetu Szolnok.
Kilishuka nusu ya njia, kikakaa
kama mgeni aliyesahau mlango aliotumwa.
Nikanywa maji. Nikajipiga kifua. Nikacheka.
Baada ya mkate, nyama. Baada ya nyama, vidonge.
Majani yalipoanza kupukutika
nilikuwa nakitazama kijiko cha supu ya samaki
kama mtu anayetazama ngazi ndefu.
Meza ipo, imeandaliwa.
Kumeza ndiko hakuna.

Daktari Szendrey, msichana wa juzi tu,
alipitisha mrija puani mwangu, wenye jicho mwishoni,
akaona tuta nyuma ya koo.
Mkono wake ukasita.
"Linadunda," akasema. "Linakwenda na moyo."

Picha zikaonyesha:
mishipa miwili ipandishayo damu kichwani,
ambayo kwa wenzangu imenyooka kama nguzo,
kwangu imejikunja, ikasogeleana
nyuma ya koo, kama wambeya nyuma ya pazia,
na kila tonge sharti lipite mbele yao.

"Hainyoosheki?" niliuliza,
mimi niliyesoma kipimo cha maji chini ya daraja
miaka thelathini na mmoja.

Maana Tisza nao ulikuwa hivyo, ukizurura uwandani
kama mlevi anayetafuta kwao.
Wazee wetu wakauchimbia njia za mkato.
Mikunjo iliyokatwa ingali mashambani,
madimbwi ya mwezi mwandamo, yamejaa vyura.
Na mto ulionyooshwa haukutoa shukrani:
ulikimbia zaidi, ukapanda zaidi.
Mwaka wa gharika nilisimama na tochi
nikaandika namba
ambayo daftari halikuwa na mstari wake.

"Unaweza kunyooshwa," daktari alisema,
"ila kisu kitapita jirani na sauti, jirani na ulimi.
Wewe bado unakula, japo polepole.
Ningeuacha."
Akaniandikia kadi: *pale nyuma pasikatwe, na yeyote.*
Naiweka pochini, pamoja na picha ya mjukuu.

Kisha akanifundisha kula, mimi mzee wa miaka sabini na minne:
kidevu chini, geukia kushoto, sasa.
Nikakubali shingo upande,
na safari hii si msemo.

Usiku nikilala, sikio likiwa juu ya mto,
nausikia mto mwingine ukikata kona.

Etelka hakusema kitu.
Miaka arobaini na sita ameketi mkabala nami.
Jumanne moja nikakuta kiti chake kimehama,
kipo kushoto,
pale uso wangu unapoishia kila ninapomeza.
Anasaga tambi na mbegu za mpopi hadi ziwe uji,
anavunja vunja samaki kwa vidole,
na ananitazama kooni
kama nilivyokuwa nikitazama kile kipimo,
akisubiri maji yateremke.