La Kuvunda

Tulilikuta Barka, nyuma ya mitende ya watu,
mbuzi wanne ndani, wa tano juu ya boneti
akitafuna mpira wa dirisha taratibu, kama atafunaye tambuu.
Ubavuni, namba ishirini na tatu:
jua limeila ikabaki mbili
na alama ya pale tatu ilipokuwa.
Mwenye shamba hakudai hata baisa.
"Chukueni. Mbuzi tu mniachie."

Tulipolishusha Mabela, wifi yangu Salama
hakuvuka kizingiti cha gereji.
Alibana ukaya puani, akasema kwa Kiswahili chake cha Kikwajuni
ambacho miaka hamsini ya Maskati haijakipausha:
"Harub, la kuvunda halina ubani."

Lakini halikumuua Muhanna. Nataka hili liandikwe.
Ndugu yangu alikufa kitandani, sukari ikimmega mguu wa kulia
kidole kwa kidole,
mguu wa mafuta.
Gari alikuwa keshaliuza zamani, mwaka alipozaliwa Azza;
fedha zake zikanunua friji na kitanda cha mtoto.

Sasa Azza ndiye aliyeshika spana.
Miezi kumi na minane, usiku baada ya Isha,
maana Julai chuma cha mchana hakishikiki.
Shibu wa Kerala akichomelea, huku akituhesabia
makosa yetu kwa lugha tatu.
Pistoni tulizipata Sharja, kwa mtu aliyeapa mara mbili;
mara ya pili ndipo tulipomjua.
Sakafu mpya. Mabawa mapya. Kabureta tatu zilizokohoa
wiki nzima kabla ya kukubali kupumua pamoja.

Ila harufu ya mbuzi haikutoka.
Si kwa sabuni, si kwa siki, si kwa petroli.
Basi Azza akaweka chetezo mahali pa kiti,
ubani wa Dhofari, konzi nzima,
akafunga milango, akakaa chini kungoja.
Moshi ukatuonyesha kila tundu:
ukapenya kwenye ribiti, kwenye kitasa,
kwenye mshono wa Shibu, naye akatukana kwa lugha ya nne.
Mahali pamoja tu haukupita:
ukutani nyuma ya injini, kiraka cha bati,
ukubwa wa kiganja.
Azza akakisugua kwa kidole gumba. Herufi zikajitokeza, juu chini.
Kopo la halua.
Baba yake alikipiga ribiti pale usiku mmoja wa mwaka themanini na sita,
baada ya sisi wawili kuimaliza halua.

Tukavuka Hatta, gari juu ya trela,
kwenda kwenye mbio za magari ya kale.
Mkaguzi alizunguka na kalamu, akigonga:
hili jipya, hili jipya, injini ya gari jingine.
"La zamani liko wapi hapa?"
Azza akatoa picha: Muhanna ameinama, boneti wazi,
kiraka kinang'aa kama jino.
Mkaguzi akapinda shingo, akaisoma halua kichwa chini miguu juu,
akapiga mhuri.

Bendera ilipopungwa, sauti ile...
Sitaifananisha na simba wala radi.
Ilikuwa sauti ya mtu anayesafisha koo
baada ya kunyamaza miaka thelathini,
kisha akaanza kusema, akasema,
hakuna wa kumkatiza.
Kona ya tatu lilitereza, mkia ukaenda kushoto,
na mguu wangu wa kulia
ukakanyaga saruji.

Azza alishuka ananuka jasho, petroli, ubani,
na kwa mbali, mbuzi.

Salama alikuwa keshapiga simu mara sita.
"Wa ngapi?"
"Wa kumi na mbili."
"Kati ya wangapi?"
"Kumi na tisa."
Akanyamaza. Nikasikia feni ya jikoni kwake.
"Na breki," akauliza, "zilishika?"