Kabati la Giza

Saa saba mchana, Barabara ya Luthuli.
Spika kumi zinagombania mteja mmoja
na jua limekaa juu ya paa kama mdai.
Nani hununua taa saa hii?

Mimi. Basi la Marsabit linaondoka jioni,
na taa yangu ya kichwa ilizimika mwezi uliopita
mabomba thelathini na moja yakining'inia kisimani.
Galgalo akauma simu kwa meno ili nione nati,
mate yakimtiririka hadi kidevuni,
na nyuma yetu ngamia mia mbili wakiguna
kama foleni ya benki siku ya mwisho wa mwezi.

"Nina elfu mbili," namwambia Nyaboke.
Kosa la kwanza.
Duka lake lina upana wa mlango.
Anapanga maboksi matatu juu ya kioo;
la kwanza limeandikwa lumeni elfu tisini.
Elfu tisini! Kwa shilingi mia sita!
Uwanja wa Kasarani mzima kwenye paji la uso wangu.
Naiwasha. Mchana unaimeza.

"Mchana taa zote ni ndugu," anasema. "Ingia kabatini."

Kabati la nguo, la mninga, lililokuwa la mamake,
limesimama nyuma kati ya katoni za soketi.
Naingia na buti zangu. Anafunga.
Harufu ya dawa ya nondo. Jiji linabaki nje ya ubao,
linanong'ona.
"Sasa soma," anasema.
Nisome nini?

Ile ya elfu tisini inatoa duara la buluu,
katikati yai la kuchemsha, kingoni hamna kitu.
Ya pili ina mwanga, ila nyekundu yake ni kahawia
na kahawia yake ni nyeusi.
Kwa fundi wa pampu hiyo si taa, ni matanga:
waya tatu, kosa moja.
Kitufe chake nacho ni punje ya dengu;
nikivaa glavu za grisi nitakipapasa mpaka kuche.

Ya tatu haijivuni. Lumeni mia tatu hamsini.
Betri tatu ndogo, zile zinazouzwa
hata kioskini Maikona, kati ya chumvi na tumbaku.
Naiwasha, na mbao zinaanza kusema.

Penseli, kalamu, ncha ya msumari:
*Wafula, shimo la dhahabu, Macalder. Nilitoka.*
*Mkunga, Loiyangalani. Mapacha, saa tisa usiku, wote wazima.*
*Mnara wa simu, Suswa. Mita sitini. Upepo.*
*Bei ghali, mke wangu asijue.*
Na chini kabisa, karibu na bawaba,
mwandiko mdogo usio na jina:
*Taa ilikuwa nzuri. Mkanda ulikatika.*

Nakaa na hilo.
Kisha navuta mkanda mara saba,
kwa mikono yote miwili, meno nimeyauma,
nikiuombea ukatike hapa.

Haukatiki.

Natoka na jasho. Nyaboke ana glasi ya maji tayari;
anaitumbukiza taa ikiwa inawaka,
nasi tunaitazama glasi, kimya, kama watu wanaosubiri chai ichemke.
"Elfu mbili mia tatu."
"Elfu moja mia sita."
"Si umesema mwenyewe una elfu mbili?"
Ndiyo hivyo. Mdomo wangu haujawahi kunibakizia chenji.

Risiti inasema: kurudisha ndani ya siku saba.
Nacheka. Siku ya saba nitakuwa nimelala kifudifudi
ukingoni mwa shimo, safari ya siku mbili kutoka kwa risiti.
"Na ikizimika?"
Anafikiri. Hanidanganyi.
Anaongeza betri tatu za bure, na kalamu.
"Rudi ndani. Andika."

*Mumbua. Kisima cha Maikona. Mabomba thelathini na moja.*
Nikaacha nafasi ya neno moja.