Jiwe la Kilo Mbili

Umeme umekatika Tabata nzima, nami nashukuru,
jambo nisilothubutu kulisema kwa sauti:
chini jirani analaani, samaki wake wamo kwenye friji.
Juu ya paa la zege, kati ya nondo zinazosubiri
ghorofa ambayo baba hakuijenga,
nafungua miguu mitatu ya darubini,
naikandamiza mmoja mmoja mpaka itulie.

Mwaka jana ilikuwa nyepesi, bomba na lenzi basi.
Sasa imebeba kamera, gurudumu la vichujio,
darubini ndogo ya kuiongoza kubwa,
mkanda wa joto wa kufukuza umande,
na nyaya, nyaya kama utumbo wa kuku,
nimezifunga kwa mpira wa baiskeli zisining'inie.
Mota yenyewe ni ngumi ya mtoto.
Ukiipa mzigo ulioegemea upande
inalalamika, inaruka jino,
na nyota, badala ya tone, inakuwa mchirizi.

Kwa hiyo usiku hauanzi na nyota. Unaanza na uzito.
Legeza klachi. Laza fimbo ya uzani.
Mkono usiliachie bomba; niliwahi kuliachia,
kovu lake hili hapa kwenye nyusi.

Uzani wa kiwandani ninao mmoja.
Wa pili ni kodi ya miezi miwili,
ndiyo maana jioni nimeazima jiwe la mama,
la chuma, lenye kishikio,
la mizani yake ya maharage, soko la Mabibo.
"Saa kumi na moja liwe mezani," alisema.
"Sikujua hanisubiri."

Hesabu niliiandika kwa penseli kwenye tangi la maji:
kilo mbili, sentimita thelathini kutoka kwenye mhimili.
Nikatia alama ya chaki. Nikalifunga jiwe. Nikaachia taratibu.
Likaanguka upande wa kamera.
Nikarudia hesabu.
Nikalisogeza jiwe nje, kidole kimoja.
Kidole cha pili.
Bomba likabaki hewani, halipandi halishuki,
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Vidole viwili.
Nikawasha tochi nyekundu, nikaligeuza jiwe.
Chini, penye tundu la muhuri, risasi imechokolewa,
imejazwa nta na kupakwa masizi,
kazi safi, ya mtu mwenye subira.
Robo kilo kasoro.

Haba na haba hujaza kibaba.
Hakuna aliyewahi kuniambia ni haba ya nani.
Sikujua ni mama lishe. Hununua kilo sita kila alfajiri:
mara tatu jiwe hili hupanda, mara tatu hushuka,
miaka tisa. Humo ndani mna ada yangu,
mna viatu, mna na hii kamera
ambayo mama aliichangia
bila kuuliza inapiga picha za nini.

Nge alikuwa ameshainuka juu ya Temeke.
Mbele yake, hafifu, zile nyota za Mizani.
Sikuligeuza bomba huko.
Nilielekea kwenye wingu la karibu na mkia wa Nge,
dakika tano, dakika tano, picha hamsini,
na kila nyota ikatoka mviringo.
Jiwe pungufu hufanya kazi ya jiwe zima
mradi lisimame mbali zaidi.
Hili sikulitaka, lakini ndivyo lilivyo.

Saa kumi na moja nikalirudisha.
"Limekufaa?"
"Limenifaa."
Akalipokea, akalipimapima kiganjani,
hakuniangalia usoni.
Nikambebea gunia mpaka sokoni.
Sikujua alikuwa ameshafika, ndoo mkononi,
akanicheka kwa macho yangu mekundu,
akaniuliza usiku kucha huko juu
nimeona nini.